Vipande Sita vya Sabuni

Meneja wa hoteli alionja mara moja tu, akaitua glasi mezani, akafuta midomo kwa leso.

"Hii ni sabuni," alisema.

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Angetukana, Mpishi angepata pa kushikia. Lakini yule bwana alisema kwa upole, kama daktari anayetoa majibu, kisha akamsogezea glasi ile ile naye aonje, mbele ya wahudumu wawili waliokuwa wakipanga vikombe na kujifanya viziwi. Mpishi akaonja. Ilikuwa sabuni kweli, wala hakukuwa na namna ya kulipamba jambo. Jin, pombe kali aliyoipika kwa mikono yake mwenyewe, ilikuwa na ladha ya beseni la kufulia.

Meneja akaeleza, na alieleza vizuri, maana alikuwa mtu anayejua anachokunywa. Zile chupa kumi na mbili za kwanza wageni walizimaliza kwa siku nne, wakaulizia nyingine. Kwa sababu hiyo ndipo alipoahidi oda ya kila mwezi, chupa sitini, mwaka mzima. "Ile ya kwanza," alisema, "ua la lavenda lilikuja mwishoni, likabisha hodi, likasubiri kukaribishwa. Hili limeingia na viatu mpaka chumbani." Akampa wiki mbili. Akileta kama ile ya kwanza, karatasi ya oda itatiwa sahihi. Akileta kama hii, basi watajua ile ya kwanza ilikuwa bahati tu, na bahati haiuzwi.

Mpishi akarudishiwa kreti lake, akaonyeshwa mlango wa mizigo.

Kiwanda chao kilikuwa chumba kimoja mwisho wa mtaa, zamani kikiwa gereji, na sakafuni palikuwa na doa la oili lililoshinda kila dawa. Ukutani ilitundikwa leseni ndani ya fremu, imenyooka kuliko picha yao ya harusi. Katikati ulisimama mtambo wenyewe, pipa la shaba nyekundu lenye shingo ndefu, alilolifua na kuliunga mumewe kwa miezi minne. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mke wakamwita Mpishi walipojua anapika nini, naye Fundi hakuchoka kutangaza kwamba huyu ndiye mpishi pekee duniani ambaye wali wake huungua kila siku.

Kazi hiyo Mpishi aliijulia kwenye kiwanda kikubwa cha pombe kali, miaka kumi na mmoja kando ya mitambo, hadi kilipofungwa. Matone ya kwanza humwagwa, yanadhuru. Ya mwisho humwagwa, yananuka kama kitambaa kilichovundika. Kinachobaki katikati wenyewe hukiita moyo, na ni huo moyo unaotiwa chupani. Ndani ya pipa alitia punje za mreteni, maana bila hizo jin si jin, akatia giligilani, maganda ya limau, na mwisho konzi moja ya lavenda iliyokaushwa. Lavenda ndiyo iliyowatofautisha na wengine. Wenzao waliagiza maua yao kwa meli. Yeye yake ilichumwa nyuma ya nyumba, na aliyeipanda ni mama mkwe wake.

Jioni hiyo walitafuta kosa kama watu waliodondosha sindano. Fundi alifungua shingo ya mtambo akasugua shaba hadi akajiona uso. Mpishi alipima maji, akanusa mreteni, akarudia daftari lake mstari kwa mstari. Kila kitu kilikuwa kama mara ya kwanza.

"Labda umekuwa msafi mno," Fundi alisema.

Mkewe hakucheka, na Fundi akajua mambo ni mazito.

Nyumbani walikaa na mama yake Fundi, katika nyumba ya mama huyo, na kila walipotoka kazini walinawa mara mbili na kubadili nguo kwanza. Sababu ilikuwa moja. Bibi, kama alivyoitwa na majirani wote, alidhani maua yake yanakwenda kiwanda cha sabuni.

Uongo huo ulikuwa wa Fundi. Siku mama yake alipouliza maua yote yale yanapelekwa wapi, mdomo ulitangulia, akili ikafuata ikihema. Na ukimlaumu, mlaumu kwa huruma kidogo. Baba yake alikuwa mlevi wa kupindukia, na siku moja alipokosa kingine cha kuuza, aling'oa mlango wa nyumba kwenye bawaba zake, akautia begani, akaenda kuuuza. Mwezi mzima mama na mwana walilala na shuka imetundikwa mlangoni, na kila apitaye njiani akawa anachungulia chakula chao. Kitu cha kwanza Fundi kuchomelea maishani, akiwa na miaka kumi na minne, kilikuwa mlango wa chuma kwa ajili ya mama yake. Uko pale mpaka leo, unalia kama mbuzi ukiufungua. Mwana wa mlango huo angemwambiaje mama yake kwamba anapika pombe?

Tatizo la uongo ni kwamba unataka kulishwa. Mwaka jana Bibi aliomba aone, jamani, hata kipande kimoja cha sabuni ya maua yake. Fundi akaenda mjini, akanunua vipande saba vya sabuni ya lavenda, akakwangua jina la kampuni kwa kisu, akavifunga kwenye karatasi ya kaki. Bibi alibaki na kimoja. Sita aliwagawia wanawake sita wa mtaa, nyumba kwa nyumba, kwa goti lake lile bovu, na kwa wiki nzima hakuwa na hadithi nyingine.

Basi usiku ule wa kukataliwa haukuwa na usingizi, na asubuhi Mpishi alimkuta mama mkwe jikoni, amekwisha chemsha chai. Akaamkia. Bibi akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayejua amefanya jambo zuri na anangoja kuambiwa.

"Safari hii wamesemaje huko kiwandani? Inanukia?"

Mpishi akajibu kwamba inanukia, ndiyo, inanukia sana.

Bibi akafurahi mno. Akamwambia siri yake. Mama Pacha, yule mwenye kioski, alimlalamikia kwamba ile sabuni harufu yake haikai, ukijipangusa tu imekwenda. Lilimchoma, maana ni maua yake. Kwa hiyo msimu huu hakuyakata yangali yamefumba kama mara ya kwanza, alipohofia mvua. Aliyaacha yakafunguka yote, nyuki wakashiba, jua likayaivisha. Na alipokausha hakutupa majani wala vijiti, alivikatakata vidogo vidogo akachanganya humo humo ili harufu ipate nguvu. Vidole viliuma siku tatu. "Lakini nilisema, wanangu wasiaibike kwa sababu yangu," alisema, akamsogezea kikombe.

Mpishi alikishika kikombe kwa mikono miwili. Sasa alijua. Wao ndio waliomwambia sabuni, na mama wa watu kawapa sabuni.

"Na ule mstari wa mwisho karibu na ukuta?" aliuliza.

Bibi akasema ule bado, vitumba vimefumba ndi. Ameuacha makusudi, ukifunguka utakuwa mkali kuliko yote.

Fundi aliposikia alipiga paji la uso, kisha akapata dawa papo hapo. Wamwambie mama kwamba kiwanda kimebadilisha mashine, sasa kinataka maua machanga, bila jani wala kijiti. Akate ule mstari kesho, basi, mchezo umekwisha. Mstari mmoja ulitosha chupa za wiki mbili zile, na misimu inayofuata wangejua cha kusema. Ilikuwa rahisi sana. Mpishi aliona jinsi ilivyo rahisi, na akakubali, maana siku zilikuwa zinakwenda na vitumba havimngoji mtu.

Akaenda yeye, kwa kuwa Fundi akidanganya hucheka. Alimkuta Bibi kitandani ananyoosha goti, akaanza, "Mama, kiwandani wamesema." Alisema yote, mashine, maua machanga, vijiti. Bibi alisikiliza kwa makini kama mtu anayepewa maagizo ya dawa. Halafu akainuka, akafungua sanduku lake, akatoa kitu kilichoviringishwa kitambaani. Alitaka kunusa tena ile ya kwanza, alisema, alinganishe, asije akakosea mara ya pili.

Kilikuwa kile kipande chake cha sabuni. Kona zake zote bado zilikuwa kali. Hakikuwahi kuguswa na maji.

"Mbona hukutumia, mama?"

"Kitaisha," Bibi alisema.

Upande mmoja palikuwa na mikwaruzo ya kisu, na mwishoni mwa mikwaruzo herufi moja ilikuwa imepona. Bibi alikuwa amekishika kwa kidole gumba juu ya herufi hiyo, hajui kusoma, ananusa. Mpishi akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, hakuna kiwanda cha sabuni."

Bibi akashusha mkono.

"Ni pombe. Pombe kali. Napika mimi, na mtambo ametengeneza mwanao. Tuna leseni." Neno hilo la leseni lilimtoka, akaona haya kulisikia. Akaendelea vivyo hivyo mpaka mwisho. Akamwambia juu ya hoteli, juu ya wiki mbili, na kwa nini maua yaliyofunguka na vijiti vyake vimeharibu kila kitu, na kwamba kosa hilo halikuwa la Bibi hata chembe.

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli.

"Anayeinywa," Bibi aliuliza, "ana mlango kwao?"

"Sijui, mama."

"Na sabuni?"

"Tulinunua dukani. Tulikwangua jina kwa kisu."

Hilo ndilo lililompata. Lile la pombe alilipokea kama mtu aliyewahi kupigwa hapo hapo zamani. Lakini hili la sabuni lilimbadilisha uso, akawa mzee ghafla. Alikiviringisha kile kipande, polepole, akakiweka kwenye mapaja ya mkwewe. "Chukua basi," alisema. "Si changu."

Fundi alikwenda kuomba radhi siku hiyo hiyo, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na utani. Mama yake alimwambia, "Nimesikia." Akaishia hapo.

Siku mbili nyumba ilikuwa kama ina mgonjwa. Bibi alipika, alipakua, aliwatengea, ila hakuketi nao. Wakimwamkia aliitikia, maana salamu ni deni, kisha akageukia kazi yake. Mchana alikaa kwenye kigoda karibu na ule mstari wa mwisho, makasi mapajani, anatazama. Mpishi alipopita aliona vitumba vinavyonenepa, na siku ya pili aliona kimoja kimefunguka, kidogo tu, zambarau mbichi. Nyuki mmoja alikuwa amekwisha jua habari. Fundi alinong'ona kwamba usiku wangeweza kwenda kukata wenyewe. Mkewe akamtazama mpaka akaomba msamaha.

Alfajiri ya tatu Mpishi alitoka uani akaukuta mstari wote umenyolewa. Vijiti vitupu. Alisimama pale, akawaza kwamba Bibi amekata akatupa, na kwamba alikuwa na haki.

"Nimeyakata," Bibi alisema nyuma yake. Alikuwa kwenye mlango wa chuma, kajifunga kanga ya kazi. "Yangali yamefumba, kama ulivyosema. Yale yaliyofunguka nimeyatenga. Yamening'inia chumbani kwangu yakauke, na ufunguo ninao mimi."

Mpishi akaanza kushukuru. Bibi akainua kiganja.

"Mliniambia mnatengeneza sabuni. Haya, tengenezeni. Vipande sita. Mkimaliza nitafungua mlango."

Mtu aliyepika pombe miaka kumi na mmoja anaweza kuwa mjinga kabisa wa sabuni. Mpishi alienda kwa muuza dawa za viwandani, akauziwa magadi makali ya sabuni na kuelezwa kipimo, mafuta kiasi gani, moto kiasi gani, na avae glavu asije akababuka. Sufuria ikainjikwa uani. Harufu waliitoa kwenye yale maua yaliyofunguka, na majani, na vijiti, yote yaliyofukuzwa kwenye jin. Sufuria ya kwanza ilikataa kuganda, ikabaki uji. Fundi akaikoroga, akaitazama, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini huyu mhunzi naye bora angekaa mbali na jiko. Bibi, kwenye kigoda chake, aligeuza uso upande mwingine. Mabega yake yalitikisika kidogo.

Ya pili ikashika. Waliimimina kwenye droo ya kabati iliyotandikwa karatasi, wakaifunika. Walipokuwa wanangoja ipoe Bibi alirudia swali lake, safari hii kwa mwanawe. Hao wanaoinywa, wana milango? Fundi akafikiri.

"Wa hotelini wana milango inayofunguka yenyewe, mama. Ukiisogelea tu."

Bibi hakucheka. Alisema basi iende kwa wenye milango hiyo. Kwenye mtaa huu, kwa watu anaowajua wake zao na watoto wao, asisikie imeuzwa hata kizibo. Fundi akaapa. Mpishi naye akaapa, akijua fika kwamba mlango unaofunguka wenyewe unaweza kuuzwa kama mwingine, na kwamba Bibi pia anajua. Lakini kila mtu huziba anapoweza kufika.

Sabuni ilitoka nyeusi-nyeusi, ina vipande vya majani ndani, imepinda upande mmoja. Wakakata vipande vinane.

Bibi alimtaka Mpishi abebe kapu, akaongoza yeye. Nyumba sita, hodi sita. Na kila mlango alisema maneno yale yale, amesimama wima: kile nilichokupa mwaka jana kilikuwa cha dukani, nilidanganywa nami nikakudanganya, hiki ndicho cha maua yangu. Mpishi alisimama nyuma yake na kapu, macho chini. Mmoja alicheka hadi akashika ukuta. Mmoja aliuliza ni nani basi aliyemdanganya, na Bibi akajibu kwamba hayo ni ya nyumbani kwake. Mpishi aliona afadhali kofi kuliko jibu hilo.

Mama Pacha walimkuta kioskini. Alisikiliza, akapokea kipande, akakigeuza. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu ya nyuma yake, akashusha sabuni ya lavenda yenye jina lake kamili, akaiweka kando ya kile cheusi.

"Nauza hiyo hiyo mimi, Bibi. Nilijua siku ile ile."

"Na ukanyamaza?"

"Ungejiona ulivyokuwa unang'aa," Mama Pacha alisema. "Ningeanzia wapi?" Akakinusa kile kipya, akakohoa. "Hii sasa harufu inakaa. Inakaa mpaka kesho."

Bibi alirudi nyumbani akitembea kama goti si lake. Alifungua chumba. Mashada yalining'inia juu ya kitanda chake kutoka ukuta hadi ukuta, na alikuwa amelala chini yake siku zote zile. Alishusha moja moja, wakaketi wote watatu kwenye mkeka, wakapukuchua vitumba na kutupa vijiti, mpaka vidole vikapata rangi. Bibi aliwaonyesha jinsi ya kupitisha shada katikati ya vidole bila kuvunja, na Fundi alipovunja alipigwa kofi dogo la mkono kama mtoto.

Siku ya kumi na nne meneja alionja, akaonja tena, akaita wale wahudumu wawili nao waonje. Karatasi ikatiwa sahihi. Mpishi alitoka kwa mlango wa mbele bila kukusudia, ukamfungukia wenyewe, naye akasimama pale kidogo akiutazama.

Alipofika nyumbani jioni, pembeni ya mlango wa chuma palikuwa na ndoo, kata, na kipande cheusi cha sabuni kwenye kifuniko cha kopo. Bibi alikuwa kizingitini. Aliuliza hoteli imesemaje, akaambiwa, akatikisa kichwa mara moja kukubali. Akasema kuanzia leo hakuna kubadili nguo kwa kujificha huko wala kunyata kama wezi. Anayetoka kazini apite hapa, anawe, ndipo aje amwamkie.

Mpishi akanawa. Alinawa hadi kwenye viwiko, povu lilikuwa dogo na majani yalikwaruza, kisha akamsogelea, akaamkia. Bibi aliipokea mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaiinua hadi puani, akavuta pumzi ndefu macho yamefumba.

"Hii ni sabuni," alisema, wala hakuiachia mikono.